Fomu Isiyo na Jina

Jumatatu ile meneja Josephati alichelewa makusudi kufungua mlango wa benki. Nje wateja walikuwa wameshapanga foleni, wamejikunja kwa baridi ya Karatu, wengine wamejitanda mashuka mpaka masikioni. Ndani, wafanyakazi wanane wa tawi la Benki ya Malisho walisimama nyuma ya kaunta wakimwangalia meneja wao akilainisha karatasi mbili kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepiga pasi.

"Mwezi uliopita makao makuu waliwatumia fomu kwenye simu zenu," alisema. "Walitaka kujua kwa nini watu wanaacha kazi tawi hili. Sita wameondoka ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mkaambiwa fomu haina jina, kila mtu ajaze kwa uhuru. Sawa. Majibu yamerudi manane, na ninyi mko wanane. Saba wameandika wameridhika. Mmoja ameandika haya."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakamani.

"'Tunaishi kwa kutiliana shaka. Likizo tunaomba mwaka mzima na kunyimwa mwaka mzima. Mama anayenyonyesha anaambiwa achague, mtoto au dirisha. Jioni tunapekuliwa mikoba mlangoni na kuhesabiwa mmoja mmoja kama mbuzi wanaoingia bomani.'"

Beatrice wa dirisha la tatu, ambaye ndiye mama mwenye mtoto wa miezi mitano, alikuwa akiangalia viatu vyake. Asmaa, keshia wa dirisha la kwanza, alihisi maneno yale ya mbuzi amewahi kuyasikia mahali, ila hakukumbuka wapi. Palepale macho yake yakaenda kwa Simel, afisa mikopo, mwana wa wafugaji wa Malambo, aliyesimama karibu na mashine ya nakala mikono ameifumbata kifuani. Nani mwingine pale ndani angefikiria boma?

"Aliyeandika yumo humu," meneja alisema akizikunja karatasi. "Sina haraka naye. Kuanzia leo simu zote zinakaa kwenye kikapu ofisini kwangu. Na anayekwenda chooni anaandika kwenye daftari saa ya kutoka na saa ya kurudi. Fungueni mlango."

*

Asmaa alikuwa na miaka tisa kwenye benki ile. Fomu yake aliijaza akiwa amekaa kitandani kwake, mlango umefungwa, na kila swali alijibu "nimeridhika sana." Hata swali la mwisho, lile la "je, una jambo lolote ungependa kusema?", aliandika, "Hapana, asanteni." Hakuamini hata siku moja kwamba kuna fomu isiyo na jina. Simu ni yake, laini imesajiliwa kwa alama ya kidole chake. Fomu ingekosaje jina?

Jioni hiyo alimkuta mumewe, Issa, anafunga duka lake la kamba, magunia na shuka za kimasai karibu na sokoni. Wakatembea pamoja kurudi nyumbani. Alipomsimulia, Issa alisimama katikati ya njia.

"Niambie kweli, Mama Muksini. Si wewe?"

"Nimekwambia niliandika nimeridhika."

"Hata mimi huniambii ukweli siku hizi. Unatoka saa kumi na mbili asubuhi, unarudi saa mbili usiku, nikiuliza unasema hesabu haijafunga. Hesabu gani hiyo ya kila siku?"

"Ya kila siku, ndiyo. Uliza mke yeyote wa benki."

"Wake wa benki wenzako wameshaacha kazi. Nimuulize nani?"

Nyumbani, Bi Sikuzani, mama yake Issa, alikuwa anachambua mchele mlangoni. Alisikiliza habari ya daftari la chooni mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Yaani mtu mzima, mama wa watoto, anaandika anakwenda haja?"

"Na saa ya kurudi, mama."

"Acha hiyo kazi."

Issa ndiye aliyejibu, haraka kuliko alivyotaka. "Haachi, mama. Nyumba yetu ya Bwawani imejengwa kwa mkopo wa wafanyakazi. Siku akitoka pale wanaugeuza unakuwa mkopo wa mtu wa mtaani, riba mara mbili. Tutalipa na nini, na kamba?"

Kisha akamgeukia mkewe, sauti imeshuka. "Kama si wewe, basi umjue ni nani. Maana wakikosa mtu, watamchukua yeyote."

*

Jumanne saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika barabarani, meneja alimwita Asmaa ofisini kwake. Ofisi ile ilikuwa na ukuta wa kioo. Waliokuwa nje waliona midomo ikicheza bila kusikia neno.

"Kaa, dada Asmaa. Umeomba ukeshia mkuu mara ngapi?"

"Mara tatu, bosi."

"Mara nne. Nina barua zako zote hapa." Akafungua droo, akaifunga. "Wewe ni mtu wa zamani hapa, watu wanakuamini. Nani huongea habari za mbuzi na boma?"

"Watu wote huongea, bosi. Tuko Karatu."

"Usinijibu kama mteja." Alitabasamu. "Kesho gari la huduma linakwenda mnadani Malambo. Utakwenda na Simel badala ya Beatrice. Mko wawili na dereva na askari, safari ni ndefu, watu hufunguka. Ijumaa uje tuongee. Nafasi ya keshia mkuu iko wazi tangu Doreen aache kazi, na mimi sipendi kiti kikae wazi."

Alipotoka, makeshia wenzake wote walikuwa wameinama juu ya noti zao. Mchana, kwenye chumba kidogo cha kulia, alikuta chupa ya chai imeinuliwa mezani na kuwekwa chini, karibu na miguu ya Beatrice.

"Imebaki kidogo?" Asmaa aliuliza.

"Imekwisha," Beatrice alisema, huku kikombe chake kinafuka moshi. "Jaribu kwa meneja. Naona siku hizi wewe ni mwenyeji kule."

Asmaa alikula maandazi yake makavu akiwa amesimama. Alitaka kusema hajataja jina la mtu. Lakini aliona akisema hivyo watamuuliza basi aliitiwa nini, na hilo hakuwa na namna ya kulijibu.

*

Waliondoka Jumatano alfajiri. Inosenti, dereva, alikuwa mtu asiyependa maneno. Alipita lango la hifadhi la Lodoare, akapanda ukingo wa kreta akiwa amewasha taa kwa sababu ya ukungu, akateremka upande wa pili kwenye jua na vumbi. Simel alikaa mbele. Asmaa alikaa nyuma na sanduku la fedha na askari aliyepakata bunduki yake. Saa nzima ya kwanza hakuna aliyefungua mdomo.

Walipopita Oldupai, Simel alisema bila kugeuka, "Dada Asmaa, safari hii ilikuwa ya Beatrice."

"Najua. Mtoto wake hajisikii vizuri."

"Mtoto wa Beatrice ni mzima. Nilimwona jana." Akapandisha kioo, vumbi lilikuwa linaingia. "Ukiwa na swali niulize. Mimi si mtu wa kuficha."

"Swali gani?"

"Mimi nitajuaje swali lako?"

Asmaa akaangalia nje, kwenye swala waliokuwa wakikimbia sambamba na gari. Alijiambia mtu asiye na hatia hasemi hivyo. Mtu asiye na hatia angekaa kimya. Kisha akajiambia kwamba amekaa kimya saa nzima, na hilo nalo alilitilia shaka.

Mnadani walifungua meza chini ya turubai. Wafugaji walikuja na pesa zao zimefungwa kwenye pembe za mashuka, na kila aliyefika alimtafuta Simel kwanza. Mzee Metui, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, alikataa kumkabidhi Asmaa fedha mpaka Simel alipokuja kusimama karibu.

"Si kwamba nakuona mwizi, yeyo," mzee alimwambia Asmaa, akimwita mama kwa Kimaasai. "Wewe leo upo, kesho wameleta mwingine. Tumeshawaona wengi kwenye meza hii. Huyu ndiye ninayemjua baba yake."

Mchana Simel alipokea simu, akaenda kusimama mbali, nyuma ya gari, akiongea Kimaasai. Asmaa alishika maneno mawili tu, "benki" na "Ijumaa." Simel aliporudi alichukua mfuko wake kutoka kiti cha mbele, akatoa bahasha kubwa ya kahawia, akaiangalia penye muhuri, akairudisha haraka alipoona anatazamwa.

Saa nne za kurudi Asmaa aliiwaza bahasha ile. Ilikuwa na muhuri wa bluu. Makao makuu wana muhuri wa bluu. Benki nyingine zina mihuri ya bluu. Mtu aliyeandika maneno yale lazima alikuwa ameshapata pa kwenda, vinginevyo angepata wapi moyo? Mara mbili alifungua mdomo kumuuliza, na mara mbili alimwona askari anamwangalia, akaonekana kwake kama naye ametumwa.

*

Ijumaa meneja hakumwambia akae.

"Sijui ni nani, bosi," Asmaa alisema. Alikuwa amejizoeza sentensi hiyo usiku kucha, na alikuwa ameazimia kuishia hapo.

"Hujaona chochote? Hujasikia chochote? Nimekupa siku nzima nje ya dirisha, dada Asmaa. Gari, posho. Nikiandika kwamba hukutoa ushirikiano, mkopo wako unakuwa mikononi mwa watu nisiowajua."

Asmaa aliutazama ukuta wa kioo. Upande wa pili Beatrice alikuwa anahesabu noti, lakini midomo yake haikwenda pamoja na vidole.

"Nilimwona na bahasha," alisema. "Ina muhuri wa bluu. Na alipigiwa simu, akaenda kuongelea mbali. Sikusema kwamba ndiye."

"Hukusema," meneja alikubali, akiandika. "Mimi ndiye nitakayesema."

Saa tisa alasiri Simel alipewa barua. Kazi ya vijijini anaondolewa. Kuanzia Jumatatu atakaa stoo ya kumbukumbu, apange mafaili ya zamani, huku akijieleza kwa maandishi kwa nini amelichafua jina la benki. Alisoma akiwa amesimama. Akaomba kalamu, akageuza ile barua, akaandika nyuma yake kwamba ameacha kazi, akatia sahihi.

"Simel, usiamue kwa hasira," Beatrice alimwambia. "Subiri kwanza."

"Nasubiri nini? Nimeomba siku tano za likizo mara tatu." Alitoa bahasha ya kahawia mfukoni mwake, akamwaga yaliyomo kwenye kaunta: picha ya eksirei na karatasi ya hospitali ya rufaa yenye muhuri wa bluu. "Mke wangu ana uvimbe tumboni. Walinipigia kutoka nyumbani Jumatano, wakasema nafasi ya upasuaji ni Ijumaa, yaani leo. Nikaja leo kuomba mara ya nne. Kaka yangu ndiye aliyempeleka. Mume wake yuko hapa anapokea barua."

Aliaga wote kwa mkono, mmoja mmoja. Alipofika kwa Asmaa alimpa mkono vilevile, hakuushika kwa muda mrefu wala mfupi kuliko wa wengine. Hakujua. Hilo ndilo Asmaa hakuweza kulivumilia: alimuaga kama mtu mwema.

*

Asmaa alipandishwa cheo siku kumi baadaye. Issa alifurahi, akanunua nyama, akawaita majirani. Bi Sikuzani alimtazama mkwewe akipitisha chakula bila kula, akamuuliza jikoni, "Wamekupa au umenunua?" Asmaa akasema hajamwelewa. "Umenielewa," Bi Sikuzani alisema, akaendelea kuosha sahani.

Benki haikutulia. Mtunza stoo naye aliacha kazi. Beatrice alianza kuja na barua ya daktari kila wiki. Na simu zikaanza kuingia kutoka Malambo: wafugaji wanauliza Simel yuko wapi, na wakishajibiwa wanauliza namna ya kutoa fedha zao.

Mwezi haujaisha, Doreen akatokea. Doreen ndiye aliyekuwa keshia mkuu kabla ya Asmaa. Sasa alifanya kazi ofisi ya hoteli moja njia ya Rhotia, amenenepa kidogo, na alicheka kwa sauti mle ndani ambamo watu walikuwa wamesahau kucheka. Alikuja kufunga akaunti yake.

"Na ile barua yangu mliisoma?" aliuliza, kadi yake ikiwa bado kwenye kaunta.

"Barua ipi?"

"Fomu, jamani. Kiungo kiliingia kwenye simu yangu wiki niliyoondoka, bado nilikuwa sijafutwa kwenye orodha. Nikasema hawa siwaachi hivihivi. Nikamwaga kurasa mbili."

Asmaa alishika ukingo wa dirisha. "Majibu yalikuwa manane. Na sisi tulikuwa wanane."

"Basi kuna mmoja wenu aliyeogopa kujaza."

Kwenye dirisha la tatu, Beatrice alisema polepole, bila kuinua uso, "Mimi. Sikuigusa kabisa."

"Na habari ya mbuzi wanaoingia bomani?" Asmaa aliuliza.

Doreen alicheka. "Mbuzi si wako wewe? Ile jioni tunapekuliwa, mvua inanyesha, ukaninong'oneza, 'Tunahesabiwa kama mbuzi bomani.' Nilicheka mpaka meneja akaniandikia onyo. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa amejifichia maneno yake mwenyewe, akaenda kuyatafuta kinywani mwa mtu mwingine.

*

Barua ya kwenda makao makuu aliiandika sebuleni mchana wa Jumapili, mezani, watoto wakipita. Issa aliisoma begani mwake mpaka alipofika kwenye sentensi isemayo, "Mimi Asmaa nilitoa habari za bahasha nisizozijua, ili nipate cheo na kulinda mkopo wangu."

"Unajiua," alisema.

"Mke wa Simel alipasuliwa, mume wake anapokea barua niliyomnunulia mimi."

"Na nyumba? Huyo Simel hatakurudishia nyumba."

"Ulisema wakikosa mtu watamchukua yeyote. Mimi ndiye niliyewachagulia, Baba Muksini."

Issa alizunguka sebule mara mbili. Alisema ataongea na mjomba wake wa Arusha juu ya mkopo. Alisema atauza pikipiki. Alisema Asmaa ni mwendawazimu. Hakuichana ile barua, ingawa ilikuwa karibu na mkono wake.

Makao makuu walituma watu wawili. Walikaa siku mbili kwenye kile chumba cha kioo, na safari hii Asmaa alitaka wenzake wamwone anavyoongea. Baada yake akaingia Beatrice, na mtoto mgongoni. Kisha wengine. Daftari la chooni lilichukuliwa, likatiwa kwenye mfuko wa plastiki kama kielelezo. Baada ya miezi miwili meneja Josephati alihamishwa mkoa mwingine. Wengine walisema kwa cheo kilekile, wengine walisema kikubwa zaidi. Asmaa alivuliwa ukeshia mkuu, akapewa onyo la maandishi, akarudi dirisha la kwanza. Mkopo hawakuugusa. Simel aliandikiwa barua ya kumwomba arudi. Hakujibu.

*

Mnada wa Malambo wa mwezi uliofuata Asmaa aliomba mwenyewe kwenda. Meza ya benki haikuwa na foleni. Foleni ilikuwa hatua thelathini kutoka pale, mbele ya Simel, ambaye sasa aliandika hesabu za kikundi cha akiba cha wafugaji kwenye daftari kubwa, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Pembeni yake mkewe, Nasha, mwembamba bado, aliuza shanga juu ya kipande cha turubai.

Asmaa alisubiri watu wapungue, akaenda na nakala ya barua yake.

"Nilitaka uione," alisema.

Simel hakuipokea. "Nasha hasomi Kiswahili vizuri, lakini anasikia. Isome."

"Hapa?"

"Mimi nilipewa barua mbele ya watu."

Akaisoma. Mzee Metui alisogea na fimbo yake, na wawili watatu wengine. Alipofika kwenye bahasha aliruka neno; akaanza tena sentensi ile mwanzo, akaimaliza, akataja jina lake lililokuwa chini.

Simel alifunga daftari lake. "Saa nne za kwenda," alisema. "Saa nne za kurudi. Nikakwambia niulize."

"Ulinambia."

"Ungeniuliza, ningekuonyesha. Hata picha ningekuonyesha."

"Najua."

"Haya. Nimesikia." Akamwita mtu aliyefuata kwenye foleni, akafungua daftari lake, akainama kuandika. Hakumwangalia tena.

Asmaa aliikunja karatasi. Alikuwa anageuka kuondoka, Nasha akamshika upindo wa khanga.

"Wewe sasa unafanya kazi wapi?" aliuliza.

"Palepale."

"Benki?"

"Benki. Dirisha lilelile."

"Hawakukufukuza?"

"Hawakunifukuza. Nina mkopo, umebaki miaka saba."

Nasha alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyake vya kazi vilivyojaa vumbi, bila uadui, kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyemkuta wodini.

"Pole," alimwambia. "Pole sana, dada."